Karani na Upinde wa Juu ya Paa

Katika ploti yetu ya Kayole, jengo la wapangaji wengi, mtu mwoga kuliko wote alikuwa Karani. Alifanya kazi ya ukarani katika ofisi moja ya serikali mjini hadi akastaafu, na jina la kazi likamfuata nyumbani. Mlango wake ulitazamana na wangu kwenye ghorofa ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho. Juu yetu palikuwa na paa la saruji tu, matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Mimi nashona sare za shule nyumbani, mlango wazi mchana kutwa nipate mwanga, kwa hiyo kwa miaka saba nilimsikia mtu huyu akitoka na kuingia zaidi kuliko nilivyowasikia ndugu zangu mwenyewe.

Hofu zake nilizijua moja moja. Mlango wake ulikuwa na makomeo matatu. Akishayafunga yote aliuvuta mlango mara mbili, akashuka ngazi nne, akarudi kuuvuta tena. Mtungi wa gesi aliuweka nje kwenye roshani, umefunikwa gunia, mpira wake umepitishwa chini ya mlango. Na wakati wa kuwasha jiko alinyoosha mkono wote, uso ameugeuzia ukutani. Aliposikia habari za nyumba kuanguka upande wa Huruma, alipita ghorofa zote na penseli, akiweka alama ndogo mwisho wa kila ufa ili ajue kama unakua. Alama hizo bado zipo. Moja iko karibu na swichi yangu ya taa, na mwaka jana niligundua kwamba ufa umeipita.

Neno lake lilikuwa "Kwanza tuangalie." Ukimwomba akushikie ngazi ubadilishe balbu, kwanza tuangalie. Ukimwambia mvua imeacha, kwanza tuangalie. Siku moja mume wangu alimkaribisha chakula, naye akainama juu ya sufuria kabla ya kukaa. Tulicheka mpaka machozi, na yeye akacheka pia, kwa sababu alijijua.

Lakini mtu huyuhuyu ndiye aliyekuwa akituandikia barua za kumlalamikia mwenye nyumba. Mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza, umelala upande mmoja kama nyasi, na maneno yake yalikuwa makali. Maji yalipokatwa wiki tatu, aliandika barua ambayo ilimtoa mwenye nyumba kwake hadi kwetu na gari. Tukasimama wote uani. Yule bwana akaipunga ile karatasi, akauliza, "Ni nani ameandika hii?" Karani, aliyekuwa katikati yetu, akasema polepole, "Imeandikwa vizuri," kisha akatazama viatu vyake. Maji yalirudi kesho yake.

Watoto walimpenda. Kila muhula walipanga foleni mlangoni kwake na vitabu vipya ili awaandikie majina juu ya jalada. Binti yangu Shiku aliwahi kumrudisha mwalimu nyuma darasani amtazamie jina lake lilivyoandikwa. Na Karani kila alipowaona watoto wakikimbia kwenye ngazi aliweka mikono kifuani na kusema, "Polepole, jamani, polepole," kana kwamba ni yeye anayeanguka.

Sasa niseme kuhusu mkewe, maana upinde ulianzia hapo.

Wanaume wawili walikuja mchana, saa tano hivi, wakisema wanakagua mita za stima. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua vitambaa. Mkewe Karani akawafungulia. Walipomsukuma ndani na kuanza kuchomoa televisheni, Karani, aliyekuwa jikoni, alikimbilia bafuni akajifungia. Mkewe alipambana nao peke yake. Walimvunja mkono. Walipoondoka, alilazimika kugonga mlango wa bafu kwa mkono mzima na kumwambia, "Toka, wameenda."

Yule mama hakuwahi kumsuta mbele yetu. Siku moja tu, mkono ukiwa bado kwenye plasta, aliketi kwangu akiwa ameshika kikombe cha chai, akasema, "Huyu karani wenu ana akili. Hata mlango wa bafu aliuwekea komeo." Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. Alipotolewa plasta alisema anakwenda shambani kwao Ukambani kupumzika. Hakurudi. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya kanisa, na kupitia mlango ulio wazi nilimsikia Karani akijibu, "Ndiyo. Ndiyo, nimefunga."

Mwezi ule ule Karani alipanda ngazi na fimbo nene ndefu kama yeye, imefungwa kwa magazeti.

"Karani, hiyo ni ya nini?" nikamuuliza.

"Upinde, Mama Shiku."

"Unajua kutengeneza upinde?"

"Hapana."

Na kweli hakujua. Alikuwa na miaka sitini na kitu, hajawahi kushika randa. Fimbo ile aliipata kwa mchongaji mmoja wa Shauri Moyo, Mkamba mwenzake, ambaye kazi yake ni kuchonga twiga wa kuuzia wageni. Mchongaji mwenyewe hakuwahi kutengeneza upinde, ila alimwona babu yake akifanya hivyo. Alimpa Karani maagizo mawili tu: mgongo wa mti, ule upande utakaotazama mbele, usiuguse kwa kisu, na tumbo lake, ule upande utakaokutazama wewe, ulikwangue kidogo kidogo mpaka mikono yote miwili ya upinde ikunjike sawa. Karani aliyaandika kwa mwandiko ule wake akayabandika ukutani.

Paa likawa karakana. Aliketi kwenye kivuli cha tangi, fimbo imebanwa katikati ya magoti, akiukwangua mti kwa kipande cha kioo kilichovunjika. Vumbi laini la mti liliangukia nguo zetu zilizoanikwa. Mara kwa mara alisimama, akaupinda upinde kidogo dhidi ya paja, akautazama, akaketi tena. Ulipokaribia kuwa tayari, alifunga kamba kwenye nguzo ya tangi, akaipitisha kwenye upinde, kisha akaenda kujificha nyuma ya tangi na kuvuta kutoka huko, kwa sababu aliogopa usije ukavunjika usoni mwake.

Ulivunjika. Sauti yake ilikuwa kama ya risasi hasa. Kayole hatuulizi risasi imetoka wapi. Nilimvuta Shiku chini ya meza ya cherehani, nikalala juu yake, uso kwenye sakafu, na nikasikia ghorofa nzima ikinyamaza, redio moja baada ya nyingine. Tulilala vile kwa muda. Kisha sauti ikaja kutoka juu, nyembamba, inatetemeka:

"Ni mimi! Ni mti tu! Samahani, ni mti!"

Nilipanda nikamkuta ameketi na kibanzi shavuni, damu inashuka, hawezi kukitoa. Nilikitoa mimi. Nilidhani ataacha. Wiki iliyofuata alirudi na fimbo nyingine.

Upinde wa pili haukuvunjika, ila mkono mmoja ulikunjika na mwingine ukakataa, ukawa kama mguu wa mtu mgonjwa. Hakuutupa. Aliutundika dirishani uwe fimbo ya pazia.

Wa tatu ndio ulioanza kutuogopesha sisi. Kwanza, ulikuwa mzuri. Ulikunjika bila kulalamika, na mtu yeyote aliyeuona alijua kwamba kitu hiki sasa kinaweza kuua. Pili, ulihitaji ugwe, ile kamba ya kuvutia, na Karani alitaka ugwe wa kizamani. Alienda soko la nyama kule Shauri Moyo akarudi na kano za ng'ombe, zile nyuzi nyeupe ngumu za miguuni, akazianika juu ya paa kwenye kamba, katikati ya shuka zetu. Zikakauka, zikawa za manjano, zikawa zinagongana kwenye upepo. Tatu, aliyeyusha mafuta ya kondoo kwenye kisufuria cheusi ili aupake mti usipasuke, na harufu ile iliteremka ngazi zote hadi kwa muuza mboga nje ya geti.

Maneno yakaanza. Kwamba ni sumu ya mishale anaichemsha. Kwamba zile kano si za ng'ombe. Kwamba mke hakwenda shambani. Keateka, kijana anayetuangalizia ploti, alikataa kupanda kufungua maji asubuhi. Na wakati huohuo simu zetu zilijaa habari za watoto kuibwa: leo ni gari jeupe, kesho ni mwanamke mwenye peremende. Sikujua lipi ni la kweli. Nilikuwa namtuma Shiku dukani huku nikimtazama kutoka dirishani, na akipotea nyuma ya kibanda kwa sekunde tatu, nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Nilimuuliza Karani siku moja, nikiwa naanua nguo. "Unataka kumpiga nani?"

"Sina mtu."

"Basi wa nini? Niambie mimi, maana watu wanasema mengi."

Aliendelea kukwangua. Kisha akasema, "Mama Shiku, mimi nimeogopa maisha yangu yote nikiwa mikono mitupu. Nikiuvuta huu nasikia unataka kuvunjika. Naogopa sana. Lakini naogopa nikiwa nimeushika, sijaukimbia." Akautazama ule mti. "Basi. Ni hivyo tu."

Nilimwelewa. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, kwamba nilimwelewa vizuri kabisa.

Ilikuwa Alhamisi, wakati wa likizo ya shule. Shiku alikuwa na miaka saba, anacheza kwenye ngazi, na mimi nilikuwa namalizia kola ya shati. Nilipoinua kichwa sikumsikia. Nikamwita. Nikashuka ghorofa moja, mbili, hadi uani, nikamwita tena kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Watu wakatoka. Keateka akauliza nilimwona wapi mara ya mwisho. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu akasema, "Si nimemwona akipanda juu?"

Wote wakanitazama. Nami nikasema, "Karani yuko huko."

Sikusema amemchukua. Nilisema tu Karani yuko huko, na nilijua ninachosema.

Vijana walinipita kwenye ngazi kama maji. Mmoja alikuwa na chuma cha dirisha. Nikakaa chini pale pale kwenye ngazi nikishika ukuta. Nikasikia mlango wa paa ukigongwa ukutani, na miguu juu ya kichwa changu, na sauti: "Mzae, mtoi ako wapi? Mtoto ako wapi?"

Ndipo muuza mboga, aliyekuwa akigonga milango, akashuka akiwa amemshika Shiku mkono. Shiku alikuwa ghorofa ya pili kwa mtoto mwenzake, wamejifungia, wanatazama katuni, sauti juu. Nilimrukia. Nilimkumbatia, nikamnusa nywele, nikamtazama mikono na miguu, nikamzaba kofi la mgongo, nikamkumbatia tena. Nililia. Sijui ilikuwa dakika moja au dakika tano. Sijui, na nimejaribu sana kuihesabu. Kwa muda wote ule sikukumbuka kabisa kwamba kuna mtu juu ya paa.

Kelele ndiyo iliyonikumbusha. Nilipanda nikipiga mayowe, "Amepatikana! Mwacheni! Amepatikana!" lakini ngazi ni nyingi na pumzi haikutosha, na maneno yalikuwa yanatoka nusu nusu.

Keateka alinisimulia baadaye walivyomkuta. Alikuwa anaupaka upinde mafuta. Walipomuuliza mtoto yuko wapi, hakuelewa kwamba wanamuuliza yeye. Alisema, "Amepotea? Kwanza tuangalie, tuanzie kwenye matangi," akaweka kitambaa chini na kuanza kuvaa viatu ili aje kutafuta nasi. Wao wakaona anataka kukimbia.

Mimi nilipofika, walikuwa wamempeleka kwenye ukingo. Ukuta wa paa letu ni mfupi, haufiki kiunoni. Wawili walikuwa wamemshika shati, mgongo wake umeinama nje, na chini yake palikuwa na ghorofa tano na mabati ya vibanda. Kiatu kimoja miguuni. Alikuwa amefungua macho. Mtu aliyegeuza uso akiwasha jiko alikuwa amefungua macho kabisa, ananitazama.

"Amepatikana," nikasema. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini walisikia.

Wakamvuta ndani, wakamwacha. Hakuna aliyesema pole. Mmoja wao, mikono yake bado ikitafuta kazi ya kufanya, aliuokota upinde akaurusha nje ya paa. Tukasikia ukigonga mabati. Mwingine akasema akiwa anashuka, "Lakini mzae, na wewe na hizo vitu zako." Karani alitambaa kwa tumbo hadi mbali na ukingo, hadi mlangoni, akaketi hapo. Nilitaka kwenda kwake. Nilisimama tu, nimeshika kamba ya nguo.

Siku mbili baadaye mkewe alikuja na pikapu. Alinisalimia kwa mkono, akaushika wangu kwa muda mrefu, nami sikujua anajua nini. Walishusha vitu vyao ghorofa tano. Mlango wangu ulikuwa wazi kama kawaida. Nilikanyaga cherehani asubuhi yote na kitambaa kile kile chini ya sindano, na sikutoka kuwasaidia hata kubeba kiti.

Miaka miwili ilipita. Mwezi uliopita nilikwenda Gikomba kutafuta vitambaa vya sare, nikakatiza Shauri Moyo kwa miguu, na nje ya kibanda cha wachongaji nikamwona. Amekonda, ana mvi zaidi. Ameketi kwenye gogo, kipande cha kioo mkononi, anakwangua. Kwanza nilipita. Nilifika mpaka kona. Nikarudi.

"Karani, shikamoo."

Aliinua macho, akanitazama kidogo. "Marahaba, Mama Shiku. Keti."

Nikaketi kwenye gogo lingine. Aliniambia anakuja mjini wiki mbili kila mwezi, nyingine yuko shambani na mkewe. Alisema upinde huu ni wa sita. Wa tano ulikuwa umetundikwa ukutani, mweusi kwa mafuta, ugwe wake umekazwa. Akautoa, akanipa. "Vuta. Lakini usiuachie ghafla bila mshale, utapasuka. Uvute, uurudishe polepole."

Nikauvuta. Mti ulilia karibu na shavu langu, nami nikafumba macho.

"Fungua," akasema. "Hauwezi kukufanya kitu. Nimeuvuta mara nyingi."

Nilifungua, nikaurudisha polepole kama alivyosema, nikamkabidhi. Kisha nikalitoa, kwa sababu nilijua nisipolitoa hapo sitalitoa tena.

"Siku ile ni mimi niliyesema uko juu."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Wao. Walipofika walisema, mama ya mtoto amesema ni wewe."

"Sikusema hivyo, Karani. Nilisema uko huko. Basi."

Alipuliza vumbi la mti kutoka kwenye goti lake. "Ndivyo ilivyofika juu," akasema.

Nilimwomba msamaha. Nililia, na wachongaji wengine wakageuka kutazama nyundo zao. Karani akasema nimefanya vizuri kurudi, kwamba aliniona nikipita hadi kona, na kama nisingerudi angeumia. Akasema mkewe pia huwa ananiulizia. Akaniuliza Shiku yuko gredi ya ngapi shuleni.

"Ya nne. Amekuwa mrefu, huwezi kumjua." Nilijifuta uso. Nilikuwa nimepata nafuu, na katika nafuu ile nikasema, "Nitamleta Jumamosi akusalimie. Anakukumbuka."

Kioo kilisimama juu ya mti.

"Usimlete," akasema.

Nikamtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameinamisha kichwa karibu na upinde, kana kwamba anatafuta kasoro.

"Si kwa ubaya, Mama Shiku. Mtoto ni mzuri, msalimie sana. Lakini siku hizi mtoto wa mtu akija karibu nami, nainuka naenda kusimama katikati ya barabara, mahali ambapo kila mtu ananiona mikono. Hata hapa. Waulize hawa." Akawaonyesha wachongaji kwa kidevu. "Upinde nauvuta macho wazi. Hilo jingine bado."

Nilimwambia nimeelewa. Nilichukua vitambaa vyangu, nikaaga, akainuka kunipa mkono kama mtu wa ofisi. Watoto walikuwa wanatoka shuleni, wanakuja kwa kundi kutoka upande wa barabara, wanakimbizana. Nilipogeuka nyuma gogo lake lilikuwa tupu. Alikuwa amesimama nje kabisa kwenye jua, mikono ameitoa mifukoni, anawasubiri wapite.